Kabla ya Kuuza Shamba kwa Sababu ya Panya Waliopona

Familia yenye mgonjwa wa saratani ya ubongo hapa Nairobi haikosi kufikiwa na habari hii: mtu anatuma kwenye kundi la WhatsApp kwamba dawa mpya imemaliza uvimbe wa panya, na kabla ya jioni mjomba ameshauliza inauzwa wapi. Kwetu lilifuata pendekezo la kuuza kipande cha shamba. Nilimuuguza kaka yangu mwenye glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo, na tangu hapo jamaa na majirani huniletea habari za namna hiyo niwasomee. Huwaambia watazame jinsi panya walivyotiwa ugonjwa kabla ya kufurahia jinsi walivyopona.

Uvimbe wa panya hao mara nyingi haukujitokea wenyewe. Watafiti hukuza seli za saratani maabara, nyingi zikiwa za binadamu, kisha huwadunga panya wenye kinga hafifu ili miili yao isizikatae. Zimedungwa wapi? Zikiwa chini ya ngozi ya ubavu, habari hiyo haisemi mengi kuhusu ubongo, kwa kuwa mishipa ya damu ya ubongo ina kizuizi ambacho dawa nyingi hazipenyi. Hata zikidungwa ubongoni, baadhi ya seli zinazotumiwa sana, kama U87, huwa donge lenye mpaka unaoonekana. Glioblastoma ya mtu hutambaa katikati ya seli zenye afya, ndiyo maana hata daktari hodari wa upasuaji hawezi kuitoa yote.

Kisha tafuta dawa ilianza kutolewa lini. Hapo ndipo mimi hukaa sana. Panya wengi huanzishiwa tiba siku chache tu baada ya kudungwa, uvimbe ukiwa mdogo mno. Wagonjwa wetu hufika wakiwa wameumwa kichwa miezi mingi, wametibiwa malaria na presha, wengine wameshapata degedege, ndipo wanapigwa picha ya MRI.

Na ukisoma kwamba panya "waliishi zaidi", uliza ni muda gani. Mara nyingi ni wiki. Panya akikonda sana au akishindwa kutembea, huuawa bila kuteswa, na siku hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mwisho wake. Naona ni haki kabisa wafanyiwe hivyo. Viumbe hao wanatubebea mzigo mzito.

Sisemi majaribio ya wanyama ni kazi bure. Temozolomidi, vidonge alivyomeza kaka, nayo ilianzia kwa panya. Jaribio la wagonjwa 573, lililochapishwa 2005, lilionyesha kwamba waliopewa mionzi pamoja na vidonge hivyo waliishi kwa wastani wa kati (yaani nusu yao walipita hapo) wa miezi 14.6, na waliopewa mionzi peke yake 12.1. Ndiyo dawa iliyofaulu hiyo! Bevasizumabu, dawa nyingine ya saratani, ambayo dawa za aina yake zilipunguza uvimbe wa panya vizuri, iliruhusiwa Marekani 2009 kwa wagonjwa waliorudiwa na glioblastoma. Mwaka 2014 majaribio mawili makubwa yakaonyesha kuwa haikuwaongezea maisha wagonjwa wapya.

Kwa hiyo msikatize mionzi wala vidonge mkingoja dawa ya panya. Chapisheni habari hiyo kwenye karatasi, mpelekeeni daktari wa saratani, mmuulize kama dawa imeshafika kwa binadamu, na kama mgonjwa wenu anafaa kuingizwa kwenye jaribio. Sisi hatukuuza shamba. Pesa za harambee zilienda kwa mionzi, teksi za hospitali, na mama mmoja aliyekuja usiku kumsaidia shemeji kumgeuza kaka kitandani. Hiyo ya usiku isisahauliwe na mtu yeyote, maana anayeuguza huchoka kabla ya mgonjwa.

Kenya, dawa haijaribiwi kwa watu bila kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Famasia na Sumu. Anayewaomba pesa za dawa ya majaribio, mwambieni awaonyeshe kwanza vibali hivyo viwili, kisha mkavithibitishe wenyewe kwenye Bodi kabla mgonjwa hajatia sahihi popote.