"Red herring": huyu samaki mwekundu katokea wapi?

Mkuu, umeuliza maana ya msemo wa Kiingereza "red herring" (yaani samaki heringi mwekundu), na kama ni kweli Waingereza waliwafundisha mbwa wa kuwinda kwa harufu ya samaki huyo. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, na hiyo hadithi ya mbwa nimekutana nayo mara nyingi. Ushahidi wake haupo.

Maana kwanza. Ni jambo linaloingizwa kwenye mjadala likawatoa watu kwenye hoja. Si lazima liwe uongo, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama. Kwenye mkutano mkuu wa Saccos yetu, mweka hazina aliulizwa mbona salio la benki halilingani na leja. Akajibu kwa uchungu kuwa wanachama wanachelewesha marejesho. Kweli tunachelewesha! Ukumbi mzima ukaanza kulaumiana, leja ikasahaulika, mpaka mama mmoja aliposimama: "Mwenyekiti, swali la salio bado halijajibiwa."

Sasa samaki. Heringi akiwa baharini anang'aa kama fedha. Wekundu anaupata akishakolezwa chumvi na kukaushwa kwa moshi muda mrefu, na hapo harufu yake ni kali kwelikweli. Maandishi ya uwindaji ya karne ya 17 yanamtaja, ila kwa ajili ya farasi: waliburuta mzoga wa paka au mbweha, wakikosa hao wanaburuta heringi, mbwa wafuate harufu na farasi azoee kukimbia nao. Hakuna aliyekuwa anapotezwa njia hapo.

Anayetajwa zaidi kwa kueneza maana ya kupoteza watu ni William Cobbett, mwandishi machachari wa Uingereza. Tarehe 14 Februari 1807, kwenye gazeti lake la Political Register, alisimulia kuwa utotoni aliburuta heringi mwekundu ili mbwa wa wawindaji waache kumfuata sungura. Kisha akayageukia magazeti yaliyotangaza kuwa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, kashindwa vitani, habari isiyo ya kweli, watu wakaacha kufuatilia mambo mazito ya nchini mwao. Kisa cha utotoni inawezekana kabisa alikitunga, lakini msemo ulishika. Watafiti Gerald Cohen na Robert Scott Ross ndio waliofukua chimbuko hili.

Ukisoma riwaya za upelelezi utalikuta neno hili sana: ni yule mshukiwa mwandishi anayekuwekea mbele umshikilie, huku muuaji akiendelea kunywa chai na wenzake.