Nimetia saini hati ya kiapo yenye uongo: je, nimeapa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Niko Ujiji, Kigoma. Baba yetu alipofariki, kaka aliniletea hati ya kiapo ya kupeleka Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi. Inasema marehemu ameacha watoto wanne. Tuko watano, dada yetu wa mama mwingine, anayekaa Uvinza, hayumo. Nilitia saini mbele ya wakili, akagonga muhuri. Sikushika Msahafu wala sikutamka neno. Je, nimeapa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Ndugu yangu, hati ya kiapo ni ushahidi unaotolewa kwa maandishi. Isome tena nakala yako: juu pana jina lako, "Muislamu, mkazi wa Ujiji, naapa na kusema kama ifuatavyo", na chini umethibitisha kuwa yote ni kweli kwa ufahamu wako. Hayo ni maneno yako, hata kama aliyeyachapa ni karani.

Kushika Msahafu si sharti la yamini, yaani kiapo. Maandishi nayo hutazamwa kwa nia: uliposaini, ulikusudia kuapa? Lakini usitafute upenyo hapo, kwani hata yamini isiposihi, ushahidi wa uongo uko palepale. Katika hadithi ya Sahaba Abu Bakra, waliyoipokea Bukhari na Muslim katika vitabu vyao vya hadithi, Mtume (s.a.w.) alikuwa ameegemea akitaja madhambi makubwa, alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaketi, akaukariri mpaka Masahaba wakatamani anyamaze. Na kwa Muslim imepokewa kuwa anayechukua haki ya Muislamu kwa kiapo chake amewajibikiwa na Moto, hata ikiwa ni kijiti cha mti wa araki. Seuze fungu la mirathi! Dada yenu ni mrithi kwa Suratun Nisaa aya ya 11, mama yake awe aliachwa au hakuachwa. Inaniuma kuona mabinti wakifutwa hivi.

Wanazuoni wengi wamesema kiapo cha namna hii, yamini ghamusi (kiapo cha uongo wa makusudi), hakina kafara, ni toba tu. Imamu Shafii ameiwajibisha pamoja na toba: kulisha masikini kumi, kibaba kila mmoja, au kuwavisha, asiyeweza afunge siku tatu. Itoe, ndiyo salama zaidi.

Ila toba haitimii na haki ya mtu bado imezuiliwa. Rudi kwa wakili, andika hati ya kusahihisha, ipeleke mahakamani kwenye faili lilelile, na umwambie dada yako kwa kinywa chako. Kaka akikasirika, msomee An-Nisaa 135, inayoamrisha kutoa ushahidi kwa haki hata dhidi ya nafsi zenu au jamaa zenu. Na kama mali imeshagawanywa, kila mmoja wenu atoe katika alichopata mpaka fungu la dada litimie.