Klaudi au uhifadhi usio na bosi mmoja? Mimi natumia vyote, ila sio kwa kazi moja

Niseme mapema ili usipoteze bando lako: sijafuta akaunti yangu ya Google na sina mpango huo. Ila picha za watoto, vyeti, mkataba wa kiwanja na mafaili ya kazi haviko huko klaudi, yaani kwenye kompyuta za kampuni mtandaoni, peke yake tena. Kila nikigusia hii habari ya kuhifadhi data bila kutegemea kampuni moja napata maswali yale yale, eti ni salama zaidi? eti ni bure? eti nihamishe kila kitu? Jibu langu ni kwamba usihame, gawa. Na kabla hujagawa jiulize swali moja tu, siku nikifungiwa nje nani ananifungulia?

Wengi wakifikiria kupoteza data kwenye klaudi wanawaza hakas au moto. Moto upo kweli, tarehe 10 Machi 2021 jengo zima la seva la kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua na kuna wateja hawakupata kitu tena. Lakini mimi nina steshenari na nakuambia watu wengi hawapotezi data kwa moto, wanapotezea mlangoni. Faili lipo salama salmini kwenye seva huko Ulaya au Marekani, tatizo ni kuingia.

Anakuja dada anataka kuprinti vyeti vyake, maombi ya kazi yanafungwa leo saa sita usiku, vyeti viko kwenye Google Drive. Tunafungua, paswedi anaikumbuka, halafu inatokea ile kitu ya kutuma namba za uthibitisho kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili fulani. "Kaka hiyo laini iliibiwa pamoja na simu, nikaja kusajili nyingine." Kwa nini hukurenew ile ile dada yangu? "Nilikuwa mkoani, nikaona isiwe tabu." Basi. Laini ikikaa miezi bila kutumika inafungwa, baadaye namba anapewa mtu mwingine kabisa, na huyo mtu ndo anapokea meseji za kufungua maisha yako. Hakuna kaunta ya kwenda kulalamika na kitambulisho chako cha NIDA mkononi. Kuna fomu ya mtandaoni, unajaza, unasubiri mashine iamue.

Na mashine ikiamua vibaya ndo imetoka hiyo. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliandika habari ya baba mmoja wa San Francisco, mtoto wake alikuwa anaumwa sehemu za siri, nesi akaomba picha ili daktari aangalie kabla ya miadi, baba akapiga kwa simu. Mfumo wa Google ukaisoma ile picha kama unyanyasaji wa mtoto, akaunti ikafungwa, barua pepe, picha za miaka yote, hadi namba yake ya simu maana ilikuwa huduma yao. Polisi walichunguza wakaona hana kosa lolote. Akaunti haikurudi. Hiyo ni Marekani, kwenye nchi ya kampuni yenyewe, sembuse mimi wa Tabata.

Sio watu wadogo tu. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia unaitwa UniSuper, wanachama zaidi ya laki sita, ulijikuta mfumo wake umefutwa kwenye Google Cloud kwa sababu kuna sehemu iliachwa bila kujazwa wakati wa kusetiwa huko kwa Google. Waliokolewa na nini? Walikuwa na bekapu, zikiwemo zilizokuwa kwa kampuni nyingine. Hapo ndo ukitaka kujua siri ya hawa wakubwa, hawabishani kama klaudi ni nzuri au mbaya, wanaweka kopi sehemu mbili zenye mabosi tofauti.

Ya bei nitapita haraka. Google wanakupa GB 15 bure, na tangu mwaka 2024 bekapu ya WhatsApp ya Android inahesabiwa humo humo, zamani ilikuwa haihesabiwi. Kwa hiyo video za send-off za magrupu yote zinakula nafasi yako, ikijaa hata barua pepe haziingii, unakosa kuitwa interviu kwa sababu ya video za vichekesho. Na akaunti ikikaa miaka miwili bila kuguswa wanaweza kuifuta, huo utaratibu ulianza Desemba 2023. Kama mna akaunti ya mzee aliyefariki yenye picha zake, ingieni mzitoe.

Sasa huu upande mwingine, wa uhifadhi usio na bosi mmoja. Watu wanachanganya vitu vitatu tofauti na kuviita jina moja.

Kuna ile ya kukatakata faili na kulisambaza kwa kompyuta za watu duniani, mfano Storj. Faili linafungwa kwa ufunguo wako kwanza, halafu linagawanywa vipande. Mpangilio waliokuwa wanautangaza kwa muda mrefu ni vipande 80 ambapo 29 vyovyote vinatosha kulirudisha faili zima. Wanaojua sanduku la VICOBA wataelewa haraka, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hakuna anayeweza kufungua peke yake. Tofauti ni kwamba kikobani mwenye ufunguo mmoja akienda msibani mkutano umeahirishwa, huku wanaweza kutoweka hamsini na mambo yakaendelea. Kiufundi naipenda sana, nimeitumia kuweka kopi ya mafaili ya wateja na ilifanya kazi vizuri. Ila ukiushika ufunguo mwenyewe halafu ukapotea ndo basi tena, hakuna "umesahau neno la siri?" ya kweli, kwa sababu hakuna mtu mwenye uwezo wa kukufungulia, na hicho ndicho ulichokuwa unakitaka. Kwa mtu ambaye ameshapoteza laini mara kadhaa huo uhuru ni mzigo.

Halafu kuna IPFS na ndugu zake. Hapa naomba usome taratibu maana kuna vijana wanawaambia watu waweke vyeti huko kwa sababu "havifutiki milele". IPFS ni njia ya kulitafuta faili kwa alama inayotokana na kilichomo ndani yake, sio ghala la kutunza. Ukiweka faili na hakuna kompyuta inayolishikilia makusudi, baada ya muda linasafishwa na linatoweka. Ndo maana Filecoin ikaja mwaka 2020, kuwalipa watu wayashikilie mafaili. Arweave wao wanauza hiyo ya milele kweli, unalipa mara moja. Sasa fikiria umeweka kopi ya kitambulisho chako cha NIDA bila kukifunga kwa ufunguo, mtu yeyote mwenye ile alama anakifungua, na huwezi kukiondoa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, zote zinakupa haki ya kudai taarifa zako zifutwe, lakini unamdai nani kama hakuna bosi? Vitu vya hadharani weka, kitabu chako, nyimbo zako, poa. Vitu vya binafsi hapana.

Ya tatu ni Solid ya Tim Berners-Lee, yule yule aliyebuni wavuti mwaka 1989. Wazo ni kwamba data zako zinakaa kwenye kibanda chako wanakiita podi, programu zinakuja kuomba ruhusa kwako, leo unaipa ya hospitali isome vipimo, kesho unaifungia. Mwaka 2018 alianzisha kampuni ya Inrupt kuisukuma, na serikali ya Flanders huko Ubelgiji imeanzisha kampuni ya Athumi kuwapa wananchi wake hizo podi. Mimi nilifungua yangu, nikaweka vitu viwili vitatu, nikakaa naiangalia. Programu za kuitumia ni chache mno. Kwa mtu wa kawaida hapa kwetu bado, labda serikali zetu zije kuikubali ndo nitakaa mkao wa kula.

Kwa hiyo mimi nimeishia wapi? Kwenye kitu cha kawaida kabisa, programu inaitwa Syncthing. Haina kampuni katikati, haina usajili, haina barua pepe, ni bure. Unaiweka kwenye vifaa vyako, vinatambuana kwa namba ndefu au kwa kuskani kodi ya QR, basi folda ya huku na ya kule zinakuwa moja. Kwenye simu apu rasmi ya Android waliacha kuiendeleza mwishoni mwa 2024, sasa watu wanatumia matoleo yaliyotokana nayo. Nyumbani nina kompyuta ndogo ya mtumba, imekaa juu ya kabati nyuma ya tivii, ina diski moja ya nje. Nikirudi jioni simu ikishika waifai ya ndani picha zinaanza kuhama zenyewe na bando haliguswi hata kidogo, maana simu na kompyuta vinaongea ndani kwa ndani. Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kubembeleza, Drive haifunguki, ila folda zangu zilikuwa zinasoma kama kawaida. Zile Storj na IPFS zisingenisaidia siku hiyo, kwa sababu kompyuta zinazoshika vipande nyingi ziko ng'ambo ya waya ule ule.

Kero zipo, nisikudanganye. Umeme wa LUKU ukiisha usiku na diski ilikuwa inaandika unaweza kuamka na faili bovu, nunua UPS ndogo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kabla ya kununua diski kubwa. Intaneti ya laini za simu inawaweka watu wengi nyuma ya anwani moja ya mtandao, kwa hiyo ukiwa Dodoma huwezi kuipiga hodi kompyuta ya nyumbani moja kwa moja, Syncthing inajipenyeza yenyewe, lakini ukitaka Nextcloud yenye kalenda na kila kitu kama Google itabidi ujifunze WireGuard au Tailscale, programu za kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, na hapo ndo wengi wanakata tamaa. Na kubwa zaidi, Syncthing peke yake sio bekapu! Mtoto akifuta picha kwenye simu inafutika na nyumbani. Washa ile sehemu ya kutunza matoleo ya zamani upande wa kompyuta, ipe hata siku 90.

Kopi ya pili iko kwa mdogo wangu Morogoro, Syncthing ina uwezo wa kuweka folda kwa mtu ikiwa imefungwa, yeye anatunza lakini akifungua anaona majina ya ajabu ajabu tu. Mimi pia namtunzia ya kwake. Kopi ya tatu iko Google Drive hiyo hiyo ninayoisema, ila vile vya siri vinapita kwanza kwenye Cryptomator, programu ambayo kwenye kompyuta ni bure, inafunga folda kwa paswedi kabla haijapanda. Google akinifungia kesho nimepoteza kopi moja kati ya tatu na barua pepe, nitaudhika lakini sitalia.

Kama hutaki mambo ya kompyuta juu ya kabati, fanya haya leo leo na simu yako. Ingia mipangilio ya usalama ya akaunti, toa namba ya zamani, kisha pakua zile kodi za akiba za kuingilia (backup codes) uziprinti kwenye karatasi. Kwenye WhatsApp washa bekapu yenye ufunguo wa mwisho hadi mwisho (end-to-end), ipo tangu 2021, na paswedi yake iandike maana ukiisahau wao wenyewe hawawezi kukusaidia. Halafu omba nakala ya data zako kwa Google Takeout, ipakue na bando la usiku, iweke kwenye diski, na ufungue picha chache uone kama kweli zinafunguka, sio unaona jina la faili unaridhika.

Hizo karatasi zangu za kodi za kuingilia na ile paswedi ya Cryptomator ziko kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mke wangu anajua. Kopi nyingine ya bahasha iko kwa mama kijijini, nimeandika juu kwa kalamu nene USITUPE, maana yeye karatasi asizozielewa huwa anawashia jiko.