Kwenda kisiwani bila kukopa

Ukitamka tu kwamba unataka kwenda kupumzika kisiwani, wa kwanza atakuuliza unalala hoteli gani Unguja, na wa pili atakuuliza hela umetoa wapi. Mimi naishi Tanga, mshahara wangu ni wa kawaida na ada za watoto haziniachi nipumue. Visiwani naenda, tena naenda na kundi zima la wanawake wenzangu, na hakuna anayerudi na deni.

Kinachokula hela kwenye safari ya kisiwa ni vitu viwili: chombo cha kukuvusha na kulala hukohuko. Chakula unakula hata ukikaa kwako. Nauli ya basi inajulikana. Kwa hiyo akili yote iweke kwenye chombo, na kitanda kiache bara.

Visiwa vya karibu tunavyo. Ukisimama bustani ya Jamhuri hapa mjini, Toten kiko mbele ya macho yako, na ndani yake kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani. Kaskazini kuna Ulenge chenye mnara wa taa wa enzi za Mjerumani, kusini Yambe na Karange. Toten, Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za maji marefu. Hivyo ni visiwa vya mikoko, ndege na historia. Lakini ukisema kisiwa cha picha, mchanga mweupe na maji unayoona vidole vyako ndani yake, basi unasema Maziwe, na Maziwe unakiendea Pangani, mwendo wa kama kilomita 50 kutoka Tanga mjini.

Jambo la kwanza: chombo hukodiwa kizima. Nahodha hahesabu vichwa, anahesabu mafuta na siku yake iliyopotea. Tuseme ametaka 200,000. Mkiwa wawili, kila mtu laki moja. Mkiwa kumi, elfu ishirini ishirini, na bahari ni ileile. Watu wengi wanaosema kisiwa ni ghali walikwenda wawili. Sisi tunatumia mchezo wetu wa upatu: kila mzunguko tunaweka pembeni kidogo kwa mweka hazina, na safari inapofika hela ipo mkononi. Sharti letu ni kali kidogo. Anayejitoa dakika za mwisho harudishiwi chake mpaka alete mtu wa kukaa nafasi yake. Wapo walionuna. Lakini bila sharti hilo, siku mbili kabla ya safari simu zinaanza, "shoga yangu nimepata udhuru", na waliobaki wanabeba mzigo wa walioghairi. Jaza chombo, ila usikijaze kupita uwezo wake. Nahodha akikwambia mwisho wake watu wanane, usimbembeleze achukue kumi na wawili ili mpunguze elfu chache.

Jambo la pili ndilo ambalo wageni kutoka bara hawalijui kabisa, nalo ni mwezi wa angani. Maziwe hakina mti hata mmoja. Ni fungu la mchanga, na maji makubwa yakijaa linafunikwa. Kwa hiyo tarehe ya safari usiipange kwa kuangalia kalenda ya ukutani peke yake. Mara moja nilishuka Pangani mapema kutafuta chombo, nikamkuta nahodha mtu mzima amechuchumaa ubavuni mwa dau lake anakalafati, anashindilia pamba yenye mafuta kwenye viungo vya mbao kwa chembeu na nyundo, polepole, mshono kwa mshono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwambia Jumamosi ninayoitaka na idadi yetu. Hakutaja bei. Alihesabu kwanza kwa vidole.

"Jumamosi hiyo mwezi unakuwa nane. Maji mafu. Asubuhi mtakuta yamejaa, mchanga mdogo. Sogezeni wiki moja, mje mwezi kumi na tano. Saa nne mchanga wote uko nje, mnacheza hadi mchoke."

Tukasogeza. Alikuwa anahesabu siku tangu mwezi uandame, na hesabu hiyo ni rahisi, kila mtu wa pwani anaweza kuifanya. Mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo yanageuka: asubuhi maji yako juu, jioni yako chini, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Hayo ndiyo maji mafu. Ukichagua Jumamosi ya bamvua unatoka asubuhi, unafika mchanga ukiwa wazi, miamba iko karibu na uso wa maji hata asiyejua kupiga mbizi anaona samaki, na maji yanapoanza kupanda mchana mnafunga vitu vyenu. Ukichagua ovyo, umelipa hela ileile kukaa ndani ya dau.

Tatu, upepo. Kusi ikikolea, kuanzia Juni hadi Agosti, bahari inachafuka na chombo kinakunywa mafuta zaidi, na hiyo ndiyo miezi ambayo watalii wamejaa na vyumba vimepanda. Desemba ni vilevile kwa bei. Masika sipendekezi. Mimi napenda Oktoba na Novemba, kabla kaskazi haijashika, bahari ikiwa imetulia. Mvua za vuli huja na kuondoka. Februari nayo ni nzuri, ila muulize mzazi yeyote hali ya mfuko baada ya Januari.

Unapokubaliana na nahodha, bei pekee haitoshi. Uliza mafuta ni juu ya nani. Uliza atawasubiri hadi saa ngapi, maana kuna wanaohesabu kila saa ya kusubiri. Uliza maboya ya kuvaa yapo mangapi, na uyaone kwa macho, uvute na kamba zake. Toa nusu, nusu nyingine mkishuka salama. Na ongea na mwenye chombo mwenyewe. Kijana mmoja aliwahi kutupokea stendi, mchangamfu kweli, akatutajia bei ambayo nahodha alipoisikia baadaye aliangua kicheko. Tofauti ilikuwa ya kijana.

Maziwe ni hifadhi tangu mwaka 1975, kwa hiyo kuna kiingilio. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, basi kila mtu abebe kitambulisho chake, la sivyo mtabishana pasipo sababu. Dai risiti.

Kulala, lala Pangani mjini kwenye gesti za kawaida, au vuka mto kwenda Bweni na kuendelea hadi Ushongo kama mnataka kuamkia ufukweni. Ushongo ni pazuri zaidi lakini mahoteli yake mengi yamelenga watalii, na bodaboda za kwenda huko zinaongeza hesabu. Kwa kundi linalobana matumizi nasema mjini: chumba wawili wawili, asubuhi chai na vitumbua kwa mama wa jirani, mnashuka pwani kwa miguu.

Vitu vya kubeba ndivyo vinavyookoa hela bila mtu kuona. Kisiwani hakuna duka, hakuna maji ya kunywa, hakuna kivuli. Tunabeba dumu la maji la lita 20, turubai moja na miti minne ya kusimamishia, kanga za kujifunika, na viatu vya yeboyebo vya sokoni kwa ajili ya miamba, maana kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi ambavyo ukivikanyaga likizo imeisha. Chakula tunapika alfajiri: mihogo ya nazi, samaki wa kukaanga, chapati, machungwa ya Muheza. Vyote kwenye vikapu vya ukili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na baharini haina kazi njema hata hivyo. Takataka zote zinarudi na chombo, hata maganda.

Hapo Maziwe palikuwa na mivinje, wazee wa Pangani watakusimulia, na ilikuwa sehemu maarufu ya kasa kutaga. Miti ilianguka miaka ya 1970 ikielekea mwisho, mchanga ukabaki uchi. Kasa hawajaacha kuja. Kwa kuwa maji yangefunika mayai, watu wa Ushongo huyahamishia ufukweni kwao na kuyalinda mpaka yaanguliwe, kama miezi miwili hivi. Mkiwa upande huo, ulizeni kama kuna kiota kilicho karibu kuanguliwa. Mchango wanaoomba ni mdogo, na watoto wenu hawatasahau kuwaona wale wadogo wakikimbilia maji. Mimi hapo sipigi hesabu.

Pemba? Iko mbele yetu, na inavutia. Lakini meli hazitoki kila siku, kwa hiyo Pemba unalala, na ukilala bajeti ni nyingine. Mwenye siku za kutosha na ndugu wa kumpokea Wete, aende.

Mkirudi bara mkiwa na njaa, kuleni Pangani kabla ya kupanda gari. Ila mchana mapema mwulizeni konda gari la mwisho la Tanga linaondoka saa ngapi na mwekeane ahadi kwa simu, hasa Jumapili, maana magari yakikata mtalipia gesti usiku mwingine, au mtakodi gari zima kwa bei ya dereva.