Picha za wachoraji kwenye kujifunza Biblia, zinasaidia?

Umeuliza kama kuleta picha za wachoraji kwenye kipindi cha Biblia kunasaidia kweli au ni mapambo tu. Mi naona inasaidia sana, ila anza na maandiko, picha ije baadaye, la sivyo mchoraji ndo anakusomea.

Chukua ile picha ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi, ya mwana mpotevu, ya miaka ya 1660, iko makumbusho ya Hermitage kule Saint Petersburg, Urusi, ila mtandaoni unaipata bure na unaweza kuivuta karibu. Soma Luka 15:11-32 polepole, alafu itazame kimya bila maelezo ya mtu yeyote. Kijana kapiga magoti, kiatu kimoja kimemvuka, unyayo uko wazi, mikono ya baba mgongoni kwake na ukiiangalia vizuri haifanani, mmoja mpana mwingine laini. Kulia kasimama mtu ambaye wengi wanamchukulia ndo kaka mkubwa, anatazama tu. Sasa rudi mstari wa 25, kaka alikuwa shambani bwana! Kwa nini basi kawekwa pale? Hapo ndo mjadala unapochemka, na mtajikuta kwenye mstari wa 28 ambapo baba anatoka nje kumsihi na huyo pia, sehemu ambayo wengi tunaipita mbio.

Kwenye kundi uliza "mnaona nini" kabla ya "inamaanisha nini", wasije wakakimbilia kuhubiri. Na kama kuna mtu anakwazika kwa ajili ya Kutoka 20:4, ile amri ya kutojitengenezea sanamu wala mfano wa kitu, usimlazimishe, abaki na maandishi yake.