Kondoo, ng'ombe wa nyama na familia: nani analala, nani anaamka

Kondoo jike hubeba mimba siku 147 kwa wastani, ng'ombe siku 283 hivi. Tarakimu hizo mbili ndizo zinazopanga usingizi wa familia nzima, na wafugaji wengi huzikumbuka madume yakiwa tayari yameshaingia kundini.

Kondoo dume akikaa na majike siku 34, yaani mizunguko miwili ya joto (kipindi ambacho jike hutaka dume) ya siku 17, karibu uzazi wote unabanwa ndani ya wiki 5. Ukimwacha humo mwaka mzima, kila mwezi kuna jike anayezaa na hakuna wiki nyumba inayopumua. Fahali naye siku 63 zinamtosha, mizunguko mitatu ya siku 21. Jike ambaye hakushika mimba katika muda huo auzwe. Kumwongezea dume muda kwa huruma ni kujiongezea mikesha.

Balaa kubwa zaidi ni kondoo na ng'ombe kuzaa kwa pamoja. Ukitaka ndama waanze kushuka wiki 6 baada ya mwanakondoo wa kwanza, fahali aingie siku 94 kabla ya kondoo dume. Tarehe hizo ziandikwe kwenye kalenda ileile yenye mitihani ya watoto na harusi za ukoo, si kwenye daftari la mifugo peke yake. Na kama nyumbani kuna mjamzito, tarehe yake ya kujifungua iandikwe ya kwanza.

Usiku wa msimu wa kuzaa, watu wazima wawili wasiamke wote. Mmoja apite saa tano na saa saba, kisha alale mpaka kuche. Mwingine alale mapema, aanze saa kumi alfajiri. Pengo hilo la saa tatu linavumilika kama majike ni wazoefu; kwa wanaozaa mara ya kwanza lipunguzeni. Anayemaliza zamu aandike ubaoni namba ya hereni ya sikioni, wakati jike alipoanza kusukuma na alichomfanyia. Maagizo ya mdomo ya usiku wa manane hayafiki asubuhi. Kondoo akisukuma kwa nguvu kwa nusu saa mpaka saa nzima bila kitu kusogea, achunguzwe kwa mkono uliovaa glavu na kupakwa kilainishi. Mtamba, yaani ng'ombe anayezaa mara ya kwanza, usimwache apitishe saa mbili.

Kwa ng'ombe kuna njia ya bure ambayo wengi hawaijaribu: walishe jioni, giza likianza kuingia, badala ya asubuhi. Anza wiki chache kabla ya kuzaa na usibadilishe saa. Wengi watazaa mchana. Kwa kondoo usiitegemee sana.

Sasa mwanakondoo aliyepoa, kwani hapa ndipo wanafamilia wenye moyo mzuri wanapoua bila kujua. Mtu anamkuta amelala kama mfu, anamkimbiza kwenye joto, na baada ya nusu saa anatupa miguu na kufa. Kilichomuua ni kukosa sukari mwilini. Kwa hiyo kipimajoto kitangulie kila kitu. Mwanakondoo mzima ana nyuzi 39 hadi 40. Akiwa kati ya 37 na 39, mkaushe, mpe maziwa, mrudishe kwa mama yake na umwangalie. Akiwa chini ya 37 na hajafikisha saa tano tangu azaliwe, mkaushe, mpashe joto mpaka afike 37, ndipo umlishe kwa mrija unaofika tumboni. Akiwa chini ya 37 na ameshapita saa hizo tano, akiba ya mafuta aliyozaliwa nayo imekwisha: anahitaji kwanza sindano ya glukosi ya asilimia 20, iliyo vuguvugu, mililita 10 kwa kila kilo, ndani ya tumbo, halafu joto. Sindano hiyo mtu afundishwe na daktari wa mifugo kabla ya msimu, mkono kwa mkono. Na asiyeweza kuinua kichwa asipitishwe mrija wala chupa. Maziwa yataingia kwenye mapafu.

Maziwa yenyewe ni dang'a, yale mazito ya njano ya siku ya kwanza. Kipimo ni mililita 50 kwa kilo kwa mlo mmoja, na mililita 200 kwa kilo ndani ya saa 24 za mwanzo. Mwanakondoo wa kilo 4 anapata mililita 200 kwa mlo, jumla 800 kwa siku, na mlo wa kwanza uwe ndani ya saa mbili. Ndama wa nyama apate lita 3 hadi 4 ndani ya saa sita. Dang'a ya akiba igandishwe kwa vipimo vidogo vyenye tarehe, iyeyushwe kwenye maji ya vuguvugu. Maji yanayochemka na oveni ya maikrowevu huharibu kinga iliyomo, ukabaki na maziwa matupu.

Boksi la kuwapashia joto lisiwe jikoni. Najua picha ya mwanakondoo kando ya jiko inapendeza, lakini uchafu wa uzazi hubeba vijidudu vya magonjwa kama toksoplasma, listeria, klamidia ya kondoo na homa ya Q, na mjamzito anaweza kupoteza mimba kwa hayo. Asisaidie kuzalisha, asikamue majike waliozaa karibuni, asishike kondo la nyuma wala wanakondoo wachanga, na nguo za zizini zisifuliwe naye wala kuchanganywa na zake. Mwenzake avue buti na ovaroli nje ya mlango. Hii ndiyo sababu ya tarehe yake kutangulia kwenye kalenda: miezi mitano kabla bado mnaweza kusogeza kondoo dume au kutafuta mtu wa kusaidia, wiki mbili kabla hamwezi.

Watoto wadogo nao hupata kuhara kukali kutoka kwa ndama na wanakondoo wanaoharisha, mara nyingi kwa kimelea kiitwacho kriptosporidiamu. Jeli ya mikono yenye alkoholi haikiui. Ni maji yanayotiririka na sabuni, kabla ya kula na kabla ya kidole kufika mdomoni. Mwanakondoo mwenye vidonda vya midomo anyonyeshwe chupa na aliyevaa glavu, kwa sababu vidonda hivyo huhamia vidoleni.

Kulea mayatima kwa chupa ni kazi nzuri ya mtoto wa miaka minane na kuendelea, ikiwa mtu mzima anapima unga wa maziwa. Tumia maziwa ya unga ya wanakondoo. Ya ndama yana mafuta kidogo na mara nyingi yameongezwa shaba, na shaba ndiyo mtego wa shamba lenye mifugo ya aina mbili: kiasi ambacho ng'ombe anakihitaji hujikusanya kwenye ini la kondoo mpaka siku moja anakojoa mekundu na kufa. Chakula na madini ya ng'ombe viwekwe kwenye pipa la rangi nyingine, mbali, maana mtoto hasomi lebo. Baada ya wiki mbili tatu hatari inakuwa ni kuvimba tumbo. Hutokea yatima anapokunywa maziwa mengi ya moto kwa pupa, kwa hiyo milo iwe midogo na kwa saa zilezile, vyombo viwe safi. Wakishazoea kunyonya, wazoeshe taratibu maziwa ya baridi, kwani hayo hunywewa polepole. Waachishe wakiwa na wiki 5 au 6, wakila gramu 250 za pumba au tembe za chakula kila siku kwa siku tatu mfululizo.

Dume aliyelelewa kwa chupa ahasiwe, hata kama ni mzuri kiasi gani. Hana hofu na watu. Anayecheza kwa kichwa akiwa na kilo 10 atavunja goti la mtu akiwa na kilo 80, na ndama dume aliyelelewa hivyo akikua huua.

Kuhusu ng'ombe, watu huogopa fahali na kumsahau mama aliyezaa jana. Usipite kati yake na ndama, na usiingie na mbwa. Ng'ombe humfukuza mbwa, mbwa hukimbilia kwa bwana wake, ng'ombe anafuata. Ukiwa na mbwa kwenye kamba na ng'ombe anakuja, mwachie. Kuweka hereni kwa ndama kufanyike ndama akiwa upande wa pili wa uzio au gari, tena na watu wazima wawili. Mtoto wa chini ya miaka 13 kazi yake ni nje ya lango: kuhesabu, kuandika, kufungua na kufunga. Pikipiki ya magurudumu manne ya ukubwa wa mtu mzima si ya aliye chini ya miaka 16, na kiti cha nyuma si cha abiria. Trekta vilevile.

Dawa ziwe kwenye kabati lenye kufuli. Iliyo hatari kuliko zote ni tilmikosini, antibiotiki ya mifugo: mtu akijichoma kwa bahati mbaya inaweza kusimamisha moyo, na haina dawa ya kuizima. Sirinji iliyojazwa haiwekwi mfukoni, na ng'ombe asiyebanwa vizuri hachomwi.

Mbwa wasipewe ini wala mapafu mabichi ya kondoo. Humo mna malengelenge ya tegu ambayo kwa mbwa hugeuka minyoo, na mayai yake yakimfikia mtoto humwotea uvimbe kwenye ini lake mwenyewe. Mbwa akipewa dawa ya minyoo ya prazikwanteli kila wiki 6, mzunguko huo hukatika.

Fedha huja kwa mafungu, mara moja au mbili kwa mwaka wanakondoo na ndama wakiuzwa. Siku ileile zigawanywe: za dawa, malisho na madeni zibaki akaunti ya shamba, na familia ijilipe mshahara wa kila mwezi kutoka fungu lililobaki. Mtoto akiambiwa kondoo fulani ni wake, basi akiuzwa pesa ni zake. Ukishindwa hilo, usimwahidi. Aambiwe mapema pia kwamba mwenye hereni hii atachinjwa mwezi fulani, kabla hajampa jina.

Na kabla ya kuchinja mnyama wa nyumbani, mtu afungue daftari la matibabu. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zinahusu nyama mnayokula ninyi kama zinavyohusu ya kuuzwa. Namba ya hereni, dawa, kipimo, tarehe, na tarehe nyama itakapokuwa salama: safu tano, zijazwe palepale zizini, kalamu ikiwa imefungwa kwenye daftari kwa kamba.