Niliuza modi ya basi kwa shilingi 5,000, nikaishia kurudisha pesa za watu

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilirudi nyumbani na kompyuta yangu na muda mwingi mkononi. Kufikia Juni nilikuwa nimekamilisha basi langu la kwanza la kuendesha kwenye gemu la kompyuta la Euro Truck Simulator 2: Yutong ya safari ndefu, rangi nimezibuni mwenyewe, honi nimeirekodi stendi. Nililitangaza WhatsApp kwa shilingi 5,000. Watu 37 wakanunua. Ni shilingi 185,000 hizo, na kwa mwanafunzi anayelipa kodi ya chumba, ni pesa ya maana. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nawarudishia watu hao mmoja mmoja kwa simu, makato ya kutuma nikiyabeba mimi.

Tangu hapo vijana wengi wameniuliza swali lile lile, hasa wanaotengeneza mabasi ya BUSSID, gemu la kuendesha mabasi kwenye simu: "Kaka, modi yangu iko tayari, niuze shilingi ngapi?" Ushauri wangu ni huu: mtu akikuagiza kazi, mtoze. Modi yenyewe ikishakamilika, iachie watu bure. Nimefika hapo baada ya kuumia, kwa hiyo naomba univumilie nieleze.

Kwa asiyecheza, modi ni kitu anachotengeneza mchezaji na kukiingiza ndani ya gemu la kampuni: gari, ramani, sauti, rangi. Euro Truck Simulator 2 ni ya SCS Software ya Prague, ilitoka 2012, na barabara zake ni za Ulaya. BUSSID ni ya Maleo ya Indonesia. Hakuna iliyokuja na mlima Kitonga wala stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Ukiona mdogo wako anaendesha basi la Dar kwenda Mwanza kwenye simu, jua kuna kijana mahali fulani aliyekesha akiliunda.

Sasa nirudi kwenye zile 185,000.

Tatizo la kwanza lilikuja na toleo jipya la gemu. Matoleo mapya ni jambo la kawaida, na mtengeneza modi ndiye anayetakiwa kuyafuata. Basi langu likawa halionekani kabisa gereji. Wakati huo nilikuwa kwenye mitihani. Mtu uliyempa modi bure huandika, "Mkuu, basi halifunguki, tusaidie." Aliyelipa anaandika, "Umetuibia." Na sikuweza kumlaumu, kwa sababu elfu tano yake ilikuwa imenunua ahadi ambayo mimi sikujua kwamba nimeitoa. Nilidhani nimeuza faili, kumbe nilikuwa nimeuza huduma ya miaka.

La pili ni kuvuja, nalo halihitaji maneno mengi. Siku ya nne faili lilikuwa tayari liko kwenye kundi la Telegram lenye watu wengi kuliko wateja wangu wote. Nilikuwa nimelifunga kwa nenosiri. Nenosiri nalo lilikuwa limeandikwa hapo hapo chini ya faili.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Dashibodi, usukani na viti vya abiria sikuvitengeneza mimi. Nilivitoa kwenye modi ya bure ya fundi mmoja wa Indonesia, nikabadilisha rangi ya vitambaa, nikaona inatosha. Ndani ya faili lake kulikuwa na maelezo mafupi kwa lugha yao ambayo sikujishughulisha kuyasoma. Mwezi wa tano tangu nianze kuuza, fundi mwenyewe akaniandikia, maneno yakiwa yamepitishwa kwenye kitafsiri. Hakunitukana. Aliniuliza tu kwa nini nauza viti vyake. Ndipo nikayafungua yale maelezo na kuyatafsiri: tumia, badilisha, usiuze.

Nilikaa na ujumbe ule siku mbili bila kujibu. Kisha nikamwomba radhi, nikaanza kurudisha pesa. Wengine walikataa kupokea, wakasema basi wamelifaidi vya kutosha. Wengi walipokea.

Baadaye nikaja kugundua kwamba kisa kama changu kiliwahi kuwakuta wakubwa, mbele ya dunia nzima. Tarehe 23 Aprili 2015, Valve, wenye duka la magemu la mtandaoni liitwalo Steam, na Bethesda, wenye gemu la Skyrim, waliruhusu modi za Skyrim ziuzwe kwenye duka hilo. Katika kila mauzo mtengenezaji alipata asilimia 25, iliyobaki ikaenda kwa kampuni hizo mbili. Miongoni mwa modi za kwanza kabisa kuuzwa kulikuwa na moja ya uvuvi wa samaki, na miondoko ya wahusika wake ilitegemea kazi ya mtu mwingine aliyekuwa akiitoa bure. Haikukaa, ikaondolewa. Wachezaji zaidi ya 130,000 walitia saini kupinga utaratibu mzima. Tarehe 27 Aprili, siku nne tu tangu uanze, ulifutwa na wanunuzi wakarudishiwa pesa.

Wengi hukisimulia kisa hicho kama ushindi wa wachezaji dhidi ya tamaa ya makampuni. Mimi naona jambo jingine. Modi za Skyrim zilikuwa zimejengwa kwa miaka kwa kuazimana: huyu katengeneza mifupa ya wahusika, yule kaongeza miondoko, wa tatu kaleta silaha zinazotumia vyote viwili. Hakuna aliyeandikiana mkataba kwa sababu hakuna aliyekuwa analipwa. Siku pesa ilipoingia, kila mtu akageuka kutazama nini chake kiko ndani ya kazi ya mwenzake. Bethesda wenyewe walijifunza. Walipoanzisha Creation Club, duka lao la nyongeza za gemu, mwaka 2017, walikataa modi zilizokuwa tayari zimetoka, wakataka kazi mpya iliyoundwa tangu mwanzo. Desemba 2023 wakafungua tena njia ya watengenezaji waliothibitishwa kuuza kazi zao za Skyrim.

Huku kwetu kuazimana ndiko kulikotufikisha tulipo. Mabasi mengi tunayoyaona kwenye BUSSID yamejengwa juu ya migongo ya mafundi wa Indonesia, na si aibu kulikiri. Aibu ni kulibandika basi nembo ya Kitanzania halafu kuliuza kana kwamba hata bolti ulikaza mwenyewe.

Najua utakalonijibu, maana nami nililisema. Mtu wa Ulaya anayehubiri kwamba modi ifanywe kwa mapenzi tu ana mshahara mwisho wa mwezi. Mimi nakesha kwa umeme wa LUKU, napakia faili kwa bando ninalolihesabu, na kompyuta yenyewe ni ya mitumba. Huko kwao mashabiki wanamchangia kwa kadi kila mwezi. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ilikuwa ya kulipia vitu tu, kupokea huwezi, kwa hiyo hata Mmarekani aliyependa kazi yako hakuwa na njia nyepesi ya kukushukuru. Hoja hii ni ya kweli na siwezi kuipuuza. Anayemwambia kijana wa Tandale au wa Kisumu afanye kazi ya miezi mitatu bure kwa sababu eti ni burudani, anamkosea heshima.

Ndiyo maana sisemi usitoze. Nasema tazama unatoza kitu gani.

Siku hizi mtu akitaka basi lake liwe na rangi fulani, jina la mama yake ubavuni na namba ya usajili anayoitaka, namtoza shilingi 10,000. Nusu inalipwa kabla sijafungua kompyuta. Marekebisho ni mara mbili, na naliandika hilo wazi kwenye ujumbe wa kwanza, kwa sababu niliwahi kupata mteja aliyesema "badilisha kidogo tu" mara kumi na moja. Nikishamkabidhi, kazi imekwisha. Amelipia mikono yangu kwa siku mbili na amepata alichoagiza. Hakuna anayeweza kuvujisha kitu hicho kwa hasara yangu, maana nimeshalipwa.

Kwa kazi kubwa natumia njia niliyojifunza kwa watengeneza modi wa gemu la The Sims. Mwaka 2022 EA, wenye gemu hilo, walitoa mwongozo: mtengenezaji anaweza kuwapa wanaomchangia modi mapema kwa muda wa kiasi, lakini baada ya hapo lazima iwe bure kwa wote. Nilipotaka kutengeneza kipande cha barabara kutoka Ruaha Mbuyuni kupanda Kitonga, nilitangaza kwanza kabla ya kuanza. Watu 14 walichanga shilingi 15,000 kila mmoja. Nikafanya kazi wiki tisa, nikawapa, wakaipanda Kitonga peke yao kwa wiki nne wakinitajia kona zilizokosewa na mahali magari yanapozama kwenye lami. Kisha nikaiachia kwa kila mtu. Hiyo ni 210,000, na sikurudisha hata senti. Wachangiaji hawakulalamika ilipokuwa bure, kwa sababu walilijua hilo tangu siku ya kwanza na walichokuwa wanalipia ni kwamba iwepo.

Kuna hali moja ambayo nakubali modi iuzwe kama bidhaa: kila kipande umekiunda wewe, mwenye gemu ameruhusu, na uko tayari kuihudumia kila toleo jipya likitoka. Garry's Mod, modi ya gemu la Half-Life 2 la Valve, ilianza bure mwaka 2004, ikaja kuuzwa 2006 kwa makubaliano na Valve, na ilihudumiwa kwa miaka. Ukiwa na uwezo huo, fungua duka. Lakini ujue ni duka kweli, lina saa za kufungua na wateja wa kusikilizwa hata siku ya mtihani.

Kabla hujataja bei yoyote, soma masharti ya mwenye gemu. Yanatofautiana sana. Wenye gemu la Minecraft wanakubali kwamba modi uliyoiandika mwenyewe ni yako, ila hawakuruhusu kuiuza. Kwa upande wa gemu la GTA, msimamo uliotolewa na wenye gemu, Rockstar, mwaka 2017 ulikuwa kwamba kwa ujumla hawataisumbua miradi ya mchezaji mmoja kwenye kompyuta isiyo ya biashara na isiyogusa haki za wengine. Ndugu zetu wa Kenya wanaoweka matatu mle ndani walisome neno hilo "isiyo ya biashara" mara mbili. Na usiisahau kampuni ya basi yenyewe. Jina na nembo ubavuni ni mali yao. Kampuni moja niliyoiandikia barua ilinijibu kwa furaha na kuniruhusu, kwa sharti moja: lisiuzwe.

Jambo la mwisho ni kufunga mafaili. Wengi hufunga ili wasiibiwe, na nawaelewa, kwani hata mimi nilifanya hivyo. Toleo la pili la Yutong yangu, ambalo viti vyake nimevitengeneza upya kwa mikono yangu kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D, nililiacha wazi. Baada ya miezi michache kijana mmoja wa Mbeya, sekondari bado, alinitumia faili. Alikuwa amelifungua basi langu, akaona vioo vya pembeni vinaonyesha anga badala ya barabara, kosa lililonishinda tangu mwanzo, akavirekebisha. Aliniuliza kwa adabu, "Shikamoo kaka, naomba ruhusa nikuonyeshe nilichobadilisha." Vioo hivyo ndivyo vilivyo kwenye basi langu mpaka leo, na jina lake liko kwenye maelezo. Faili lingekuwa limefungwa, ningekuwa bado natazama mawingu kila ninapotaka kulipita lori.

Maelezo hayo naweka ndani ya kila modi, mistari minne tu, kwa Kiswahili na kwa Kiindonesia. Unaweza kuyanakili kama yalivyo, ubadilishe majina:

Basi hili nimeliunda mimi, isipokuwa vioo (vimerekebishwa na mwenzangu wa Mbeya) na magurudumu (kwa ruhusa ya fundi wake, Indonesia).
Tumia, fungua, badilisha, jifunze. Ukitoa toleo lako, tutaje sote.
Usiliuze, wala usiliweke nyuma ya malipo.
Ukitaka la kwako lenye rangi zako, niandikie tukubaliane bei.